Je, wajua kwa nini daktari tarajali wa London hubaki na pesa kidogo kuliko mwenzake wa Newcastle?

Dhana iliyoenea ni kwamba jiji ghali hulipa mishahara minono, na kwa hiyo daktari anayeanza kazi London sharti amzidi kipato mwenzake aliyepangiwa Newcastle, kaskazini-mashariki mwa England. Dhana hiyo si ya kubeza. Benki na kampuni za mawakili hulipa hivyo, na msomaji wa Kenya anaijua posho ya nyumba ya watumishi wa umma, ambayo hupangwa kwa makundi ya miji, Nairobi ikiwa juu ya yote. Hata hivyo, kwa madaktari walio mafunzoni nchini England, hospitali haijipangii mshahara. Ngazi ya mishahara ni moja kwa huduma yote ya taifa ya afya, NHS, na kwa mwaka wa fedha 2025/26 daktari wa mwaka wa kwanza alipangiwa pauni 38,831, awe kando ya mto Thames au kando ya mto Tyne. Saa za usiku, ambazo huongezewa asilimia 37, nazo hukokotolewa kwa kanuni ileile kote.

Ukishakubali hilo, hubaki dhana ya pili iliyo ngumu zaidi kung'oa, kwamba posho ya London huziba pengo. Posho hiyo ipo kweli, nayo ni pauni 2,162 kwa mwaka, kiasi kinachoonekana cha haja, hasa mtu akikigeuza kuwa shilingi. Katika hati ya mshahara husomeka kama pauni 180 kwa mwezi. Kodi ya mapato huondoa asilimia 20, bima ya taifa asilimia 8, na marejesho ya mkopo wa chuo asilimia 9. Mkononi hufika kama pauni 113, kabla pensheni haijaguswa. Wakati huohuo, mwishoni mwa mwaka 2024 wastani wa kodi ya pango kwa nyumba za watu binafsi London ulikuwa umepita pauni 2,000 kwa mwezi, ilhali kaskazini-mashariki ulikuwa chini ya 800.

Wastani huo ni wa nyumba nzima, na tarajali wengi hupanga chumba katika nyumba ya kushirikiana, kwa hiyo si haki kulinganisha pauni 113 na pengo lote la zaidi ya pauni 1,200. Likigawanywa kwa wapangaji watatu, kila mmoja huangukiwa na pauni 400 na ushee. Hayo ni makadirio tu, maana nyumba za miji hiyo miwili hazilingani kwa ukubwa wala kwa idadi ya vyumba, lakini yangebidi yakosee sana ndipo posho itoshe.

Kiini cha jambo ni kwamba posho hiyo ni kiasi kilichokazwa, si asilimia ya mshahara. Ni kama sare ya shule iliyoshonwa mtoto akiwa darasa la kwanza: siku ile ilimkaa sawasawa, na hakuna aliyekosea kipimo. Kila mwaka mtoto hurefuka, sare haiongezwi hata pindo, na akifika darasa la saba bado inaitwa sare yake ingawa mikono inaishia kwenye viwiko. Mwaka 2022/23 tarajali alikuwa akianza na pauni 29,384, na posho ilikuwa sawa na asilimia 7.4 ya mshahara huo. Kufikia 2025/26, baada ya migomo ya madaktari iliyoanza Machi 2023 na nyongeza zilizofuata, posho ileile imeshuka hadi asilimia 5.6. Kwa daktari aliye ngazi ya juu ya mafunzo, mwenye pauni 73,992, haifiki hata asilimia 3, na huyo ndiye aliye katika umri wa kutafuta nyumba ya familia.

Ajabu yenyewe iko wodini. Muuguzi wa London ya kati, anayelipwa kwa mkataba mwingine wa NHS hiyohiyo, hupata nyongeza ya asilimia 20 ya mshahara wake, yenye kiwango cha chini kinachozidi pauni 5,000. Watu wawili wanasukuma kitanda kimoja, wanapanda treni moja kurudi nyumbani, na jiji linahesabiwa kuwa ghali zaidi ya maradufu kwa mmoja wao.

Si kila gharama inayotofautiana. Ada za usajili na za mitihani ya ubingwa ni zilezile popote, na anayehamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine katika maeneo ya mbali huhitaji gari, ambalo London si lazima. Scotland nayo haifai kuchanganywa katika hesabu hii, kwa kuwa mshahara wa msingi huko huongezewa asilimia kulingana na ugumu wa zamu, na Edinburgh, pamoja na ughali wake, haina posho ya jiji.

Wala mtarajali hachagui jiji kwa uhuru kamili. Hupanga maeneo kwa kadiri anavyoyapenda, lakini tangu kundi lililoanza kazi Agosti 2024, nafasi yake katika foleni hupangwa na kompyuta kwa bahati nasibu, bila kuangalia alama alizopata chuoni.