Kukua kupitia kushindwa: maana yake katika imani ya Kikristo

Mkristo anaposema kwamba kushindwa kumemkuza, hasemi kwamba kushindwa ni kuzuri. Wengi huanguka wakabaki na uchungu, wengine wakawa waoga maisha yao yote. Kinachomkuza mtu ni kulirudia jambo lililomwangusha mbele za Mungu, kulisema lilivyo bila kulipamba, kupokea msamaha au faraja, kisha kukubali kutumwa tena. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kabla ya kuendelea, tusichanganye kushindwa na dhambi. Aliyefeli mtihani baada ya kusoma kwa bidii hana cha kutubu. Ana cha kuomboleza, na pengine ana namna ya kusoma inayohitaji kubadilika. Mtume Paulo na wenzake walijaribu kuingia nchi ya Bithinia wakazuiwa (Matendo 16:7), wala hakuna aliyewaambia kwamba wamekosa. Kumtaka kila aliyekwama atafute dhambi aliyoificha ni kumwonea. Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, aliyakataa majibu yote mawili waliyokuwa nayo (Yohana 9:1–3).

Lakini kuna kushindwa ambako ni kosa kweli, na hapo Injili zinatupa wanafunzi wawili wa Yesu wa kuwatazama. Katika usiku mmoja, Yuda alimsaliti Yesu, naye Petro akamkana mara tatu. Wote wawili waliumia sana. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu. Yuda naye alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri waziwazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia (Mathayo 27:3–5). Kwa hiyo tofauti yao haikuwa katika ukubwa wa majuto. Yuda alipeleka maungamo yake kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe, akaenda kujinyonga. Petro alibaki na wenzake, na siku alipomwona Yesu ufukweni alijitupa majini ili amfikie upesi. Paulo ameziandika huzuni hizi mbili katika 2 Wakorintho 7:10: iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba iletayo wokovu, na ile ya dunia huleta mauti.

Yaliyotokea pale ufukweni (Yohana 21) yanastahili kusomwa polepole. Petro alimkana Bwana wake akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu; sasa Yesu anamkaribisha penye moto wa makaa. Alikana mara tatu. Anaulizwa mara tatu kama anampenda. Mara ya tatu Petro anahuzunika. Yesu hakulipita kosa lile kana kwamba halikutokea, wala hakumsimanga nalo. Aligusa palepale penye jeraha, na kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha. Tena kabla Petro hajaanguka, Yesu alikuwa amemwombea imani yake isitindike, yaani isiishe, akamwagiza kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake (Luka 22:32). Aliyewahi kuanguka anakabidhiwa walio dhaifu.

Kwa muumini wa leo mambo haya yana sura ya kawaida kabisa: kuungama kwa Mungu na kwa mtu anayeaminika, kuomba radhi kwa aliyeumizwa, kurudisha kilichochukuliwa kama mtoza ushuru Zakayo alivyoahidi. Msamaha haufuti madeni. Anayesema amesamehewa na Mungu huku akimkwepa mtu aliyemdhulumu bado hajaanza.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Yohana Marko, aliyekuwa akisafiri na Paulo na Barnaba kuhubiri, aliiacha safari kule Pamfilia akarudi Yerusalemu, na baadaye Paulo akakataa kabisa kumchukua tena. Yeye na Barnaba wakatengana kwa ajili hiyo. Barnaba alimchukua kijana yule wakaenda Kipro. Miaka ilipita, kisha katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaagiza Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi. Bila Barnaba sidhani kama maneno hayo yangeandikwa.

Kukua huku hakumalizwi kwa siku moja. Yule Petro aliyerejeshwa penye makaa, akahubiri siku ya Pentekoste, alifika Antiokia akaingiwa na hofu ya watu tena. Alikuwa akila pamoja na waumini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga. Paulo alimpinga uso kwa uso (Wagalatia 2:11–14). Waraka wa pili wenye jina la Petro unamtaja Paulo huyohuyo kuwa ndugu mpendwa.