Ukipunguza Wali, Sindano Nayo Iulizwe

Katika ushauri wa lishe kwa wenye kisukari hapa Amu (mji wa Lamu) huja watu wakiwa na fahari: "Mimi wali nimeuacha kabisa." Wanatarajia pongezi. Swali letu la kwanza huwashangaza: na insulini unapiga uniti ngapi? Mtu akijibu kwamba ni zile zile za zamani, tunaweka kando mengine yote na kumpima sukari hapo hapo.

Insulini haijui umekula nini. Ikishaingia mwilini huteremsha sukari, uwe umekula wali wa nazi ukashiba au umekunywa kahawa chungu na kuondoka. Chakula kinachopandisha sukari ya damu kwa wingi ni wanga: wali, mkate wa mofa, mahamri, muhogo, viazi, tambi, pamoja na sukari yenyewe, tende na matunda. Daktari alipokuandikia uniti zako alizilinganisha na ulaji wako wa kila siku. Ukiondoa wanga na kuacha dawa vile vile, sukari inaweza kushuka hadi ukapoteza fahamu. Kupunguza wanga huwafaa wengi, nami sipingi. Ninachopinga ni kupunguza kwa ushauri wa barazani, halafu daktari akajua baadaye.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayetumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu inayopigwa asubuhi na jioni. Aina iliyozoeleka ina sehemu 30 kwa 100 ya dawa ya haraka na 70 ya dawa ya polepole. Ile ya haraka ndiyo ya chakula utakachokula baada ya nusu saa hivi. Ile ya polepole hupata nguvu saa kadhaa baadaye, adhuhuri ukiwa kazini. Kwa hiyo mwenye dawa hii hana ruhusa ya kuruka chakula cha mchana. Chukua fundi wa jahazi wa Matondoni aliyepiga sindano saa kumi na mbili asubuhi, akala mahamri, akashinda na msumeno mpaka saa tisa bila kutia kitu mdomoni. Misuli inayofanya kazi nayo hula sukari. Mikono ikianza kutetemeka na jasho jembamba kumtoka, wenzake watadhani ni jua.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu huchoka kusikiliza. Kilo 1 ya unga wa ngano ina takriban gramu 750 za wanga. Ukiukanda ukatoa mahamri 30, kila moja lina gramu 25, kabla ya kuhesabu sukari uliyotia. Mahamri mawili, nusu kikombe cha mbaazi na chai ya vijiko 3 vya sukari vinafika gramu 80 na zaidi. Kikombe cha mililita 250 kilichojaa wali uliopikwa kina kama gramu 45. Samaki wa kupaka hana wanga wa kuhofia, na tui nalo lina wanga kidogo tu, ila mafuta yake huchelewesha chakula tumboni. Mtu aliyekula wali wa nazi au biriani hupima baada ya saa mbili, akaona kipimo kizuri, kumbe sukari ingali njiani.

Shida yetu ya kweli ni sinia. Watu wanne mkiwa mmelizunguka, nani ajuaye amekula kiasi gani? Sitamwambia mtu wa Lamu asile na wenziwe. Ila kwa siku tatu nne, ukiwa nyumbani, upime wali wako kwa kikombe, uumimine kwenye sahani na uutazame vizuri mpaka jicho lizoee. Kisha hata kwenye sinia la harusi utaujua mpaka wako. Mwenye kupakua akikusukumia mnofu, pokea. Akikuongezea wali, cheka naye na uuache.

Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, au ukiona dalili kama zile za kutetemeka na jasho na huna kipimo, kunywa maji yenye vijiko 4 vya chai vya sukari, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini, rudia. Halua haifai hapa: ina samli, na samli huichelewesha. Ukishapata nafuu, kula chakula chako. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni; mlazeni ubavu na mtafute chombo cha kumfikisha hospitali upesi.

Siku ya homa au kutapika watu hukosea kinyume chake: hawali, basi wanaacha sindano yote. Mwenye aina ya kwanza ya kisukari, ile ambayo mwili hautengenezi insulini yake, akiacha insulini kabisa, damu yake hujaa asidi. Pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, na mpigie daktari akuelekeze uniti. Pumzi ikiwa nzito na kutapika hakukomi, hospitali ni siku hiyo hiyo, usingoje kuche.

Na Ramadhani? Sura ya al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine, na kwa baadhi ya wanaotumia insulini tunawasihi waichukue. Atakayefunga lazima saa na kiasi cha sindano vipangwe upya, kwani futari ya kaimati, tambi na tende si mlo wa kawaida. Kudunga kidole kupima hakufunguzi saumu, na sukari ikishuka mchana, fungua papo hapo. Mpango huo unataka majuma sita au zaidi, basi njoo Rajabu, usije usiku wa kuandama mwezi.