Pumzi kabla na baada ya mbio: DNA iliyomo inatueleza nini?

Nimesikia wataalamu hupima DNA kutoka kwenye pumzi ya mtu. Kwani pumzi si hewa tu?

Hewa haiko peke yake. Pumulia kioo, utakiona kimeingia ukungu. Huo ni mvuke wa maji, na ndani yake mna matone madogo mno ya ute unaolainisha njia za hewa. Matone hayo hubeba chumvi, protini, mabaki ya seli na bakteria. Humo ndimo mnamopatikana vinasaba, yaani DNA: yako mwenyewe na ya vijidudu vinavyoishi kifuani mwako.

Hupimwaje?

Unapumua taratibu kwa dakika 10 hivi kupitia mrija uliopozwa. Mvuke hugeuka maji, mililita 1 au 2. DNA iliyomo ni haba sana, kwa hiyo hurudufishwa kwa PCR, njia ileile tuliyoizoea wakati wa korona. Kinachosumbua ni mate, maana yana DNA nyingi na kidogo tu yakiingia huharibu majibu. Maabara makini hupima pia amilesi, kimeng'enya cha mate, kuhakikisha sampuli ni safi.

Daktari, mimi hukimbia kila jioni hapa Lamu, kutoka Mkunguni hadi Shela. Nikipimwa kabla na baada, kutakuwa na tofauti gani?

Tuanze na hewa yenyewe. Ukiwa umeketi barazani unapumua takriban lita 6 kwa dakika; ukikimbia kwa nguvu zote zinaweza kupita 100. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walihesabu vitone vinavyotoka na pumzi: kwa wastani 580 hivi kwa dakika mtu akiwa ametulia, na zaidi ya 76,000 alipofika mwisho wa nguvu zake. Vijia vidogo kabisa vya mapafu hujifunga na kufunguka. Kila kimoja kinapofunguka, utando wa ute hupasuka na kurusha vitone, kama wimbi likipiga mwamba. Pumzi ikienda kasi, na vitone huzidi.

Damu nayo hubadilika. Baada ya mazoezi makali, DNA inayoelea nje ya seli huongezeka mara kadhaa, nyingi ikitoka kwenye chembe nyeupe, kisha hushuka ndani ya saa chache.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo majibu husomwa vibaya. Ukihema sana, mvuke pia huwa mwingi. Basi mililita moja ya maji yaliyokusanywa baada ya mbio yaweza kuwa na DNA pungufu, ilhali jumla uliyoitoa kwa dakika imeongezeka. Anayekwambia "DNA imepanda", muulize: kwa mililita au kwa dakika? Asipojibu, namba yake haina maana.

Ikipanda, ina maana mbio zinaharibu vinasaba vyangu?

Hapana. Kinachopimwa ni vipande vilivyokwisha kutoka kwenye seli, na seli za njia za hewa hufa na kuzaliwa upya maisha yako yote. Kimbia, mwanangu.

Naweza kupimwa hivi hospitalini?

Kipimo hiki bado ni cha utafiti. Akitokea mtu wa kukuuzia, usimpe pesa zako.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukitokwa na jasho usiku au ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert. Yenyewe hutafuta DNA ya vijidudu vya kifua kikuu, na katika hospitali za serikali hulipishwi kwa kipimo hicho. Na kama kifua hubana au kulia miluzi dakika chache baada ya kukimbia, huenda ni pumu ya mazoezi. Hewa kavu na baridi huizidisha. Unyevu wa pwani yetu hupunguza makali, lakini hauizuii. Mweleze daktari huanza lini na hudumu muda gani, umwombe akupime nguvu ya pumzi kwa kifaa cha kupuliza, kabla na baada ya mazoezi.