Maktaba za mteja wa Oracle: kinachokaa kati ya skripti na seva

Skripti ya Python, PHP au Perl inaposoma jedwali kwenye seva ya kanzidata ya Oracle, kuna kitu katikati ambacho wengi hawakijui mpaka kigome. Ni maktaba za mteja: mafaili ya msimbo uliokwisha kukompailiwa, yanayokaa kwenye kompyuta inayoendesha skripti, si kwenye seva. Kwenye Linux faili kuu ni libclntsh.so, kwenye Windows ni oci.dll.

Kwa nini ziwepo? PostgreSQL, kanzidata nyingine, imechapisha protokali yake (kanuni za mazungumzo kati ya programu na seva), hivyo yeyote mwenye subira anaweza kuandika dereva wake. Protokali ya Oracle ni mali ya kampuni. Walichowapa watengeneza programu ni OCI (Oracle Call Interface), mkusanyiko wa funksheni za lugha ya C, nazo zimo ndani ya maktaba hizo. Kwa hiyo OCI8 ya PHP, DBD::Oracle ya Perl na cx_Oracle ya Python kazi yao ni moja: kupokea ombi lako, kuita OCI, kisha kugeuza majibu yawe maandishi, namba na orodha za lugha yako.

Maktaba zenyewe hupatikana kwenye kifurushi kiitwacho Instant Client, ambacho hupakuliwa bure (bure kwa bei tu, msimbo wake umefungwa). Kukifungua ni dakika chache. Kinachosumbua ni kuifanya skripti izione.

Kosa maarufu kwa watu wa Python ni DPI-1047, linalosema maktaba haikupatikana. Mtu akiliona hukimbilia kukagua nywila na anwani ya seva, kumbe hakuna hata baiti moja iliyotoka kwenye mashine yake. Angalia kwanza biti: Python ya biti 32 haiwezi kupakia maktaba ya biti 64, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kisha, kwenye Linux, endesha ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazihitaji, juu ya libclntsh.so. Ukiona mstari «libaio.so.1 => not found», maktaba ipo, ila maktaba nyingine ambayo yenyewe inaihitaji haipo. Ubuntu 24.04 imewatesa wengi hapa: kifurushi cha libaio kinasakinishwa vizuri, lakini faili lake sasa linaitwa libaio.so.1t64, jina ambalo Instant Client hailitafuti. Kiungo kimoja cha ln -s, chenye jina la zamani na kinachoelekeza kwenye faili jipya, kinamaliza ugomvi.

Halafu kuna skripti inayokubali kwenye terminali na kukataa kwenye cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba. Mara nyingi LD_LIBRARY_PATH, kigezo kinachoiambia Linux itafute maktaba wapi, imewekwa ndani ya .bashrc, na cron haisomi faili hilo. Mimi naona ni bora kuiacha njia hiyo kabisa: andika folda ya maktaba kwenye faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d/, kisha endesha ldconfig. Kila programu kwenye mashine itaiona, seva ya wavuti Apache ikiwemo.

Namba za makosa yanayofuata zinakuonyesha umefika wapi. ORA-12154 ina maana maktaba imepakiwa, ila jina la kanzidata ulilolitaja halikutambulika. Kama unatumia tnsnames.ora, faili lenye majina ya kanzidata na anwani zake, kagua kigezo cha TNS_ADMIN kinaelekeza folda gani. ORA-12541 ina maana umefika mtandaoni, lakini hakuna kinachosikiliza kwenye poti uliyoitaja, ambayo kwa kawaida ni 1521. Ukipata ORA-01017, jina au nywila si sahihi, basi furahi kidogo: seva yenyewe imekujibu, na maktaba haina tena kosa.

Mwaka 2022 cx_Oracle ilibadilishwa jina ikawa python-oracledb, na Oracle wakaiongezea hali inayoitwa thin. Katika hali hiyo moduli inazungumza na seva moja kwa moja, bila Instant Client. Sasa ndiyo hali inayotumika usipochagua nyingine, na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Lakini seva iliyo chini ya toleo la 12.1 itakurudishia DPY-3010, na seva inayolazimisha usimbaji fiche wa mtandao wa Oracle wenyewe nayo haitakubali. Hapo unaita init_oracle_client() kabla ya muunganisho wa kwanza, na unarudi kwenye libclntsh. Walio kwenye OCI8 na DBD::Oracle hawajawahi kuiacha.