Kukunjua na kukunja: jinsi programu inavyozaliwa kutoka kwenye mantiki

Mwalimu ana majina ya wanafunzi wake na anataka yapangwe kwa alfabeti. Ukimwuliza anataka nini, bila kumwuliza ifanyikeje, atakujibu kwa sentensi mbili: majina yatakayotoka yawe yaleyale yaliyoingia, na yafuatane kwa alfabeti tangu la kwanza hadi la mwisho. Njia hajaigusa kabisa. Sentensi za namna hii huitwa ubainishi. Watafiti wa uundaji wa programu kwa mantiki wanauliza hivi: tunaweza kuanza na sentensi hizo mbili na kufika kwenye programu yenye kasi, kwa hatua ambazo kila moja inahifadhi maana ya ile iliyotangulia?

Jambo hili liliwezekana kufikirika pale mantiki yenyewe ilipoanza kuendeshwa na kompyuta. Mwaka 1972, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walitengeneza Prolog, lugha ya kuandikia programu kwa sentensi za mantiki, huko Marseille, Ufaransa. Mtafiti Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh, Uskoti, wakati huo, alionyesha kuwa sentensi moja ya mantiki inasomeka kwa njia mbili. "A ni kweli ikiwa B na C ni kweli" ni kauli kuhusu ulimwengu. Lakini pia ni maagizo: ukitaka kupata A, tafuta B, kisha tafuta C. Mwaka 1979 aliliweka wazo hilo kama mlinganyo: algorithimu, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, ni mantiki pamoja na udhibiti. Mantiki inasema jibu ni lipi, udhibiti unasema litafutwe kwa mpangilio gani.

Kwa hiyo sentensi za mwalimu zinaweza kuendeshwa kama zilivyo. Kompyuta itajaribu kila namna ya kuyapanga majina mpaka ikutane na iliyofuata alfabeti. Majina 10 yana mipangilio 3,628,800, na hilo linavumilika. Majina 20 ni balaa: hata ukikagua mipangilio milioni moja kwa sekunde, kuimaliza yote kunachukua takriban miaka 77,000. Ubainishi ni sahihi kabisa, ila hautumiki. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwaka 1977, Rod Burstall na John Darlington walichapisha mfumo wa kubadilisha programu hatua kwa hatua, na moyo wake ni vitendo viwili. Kukunjua ni kuliondoa jina la kitu na kuweka maana yake mahali pake, kama unavyoikunjua kanga ili uone maandishi yote. Kukunja ni kinyume chake: unayaona maneno ya maana fulani, unayaondoa na kuliweka jina. Kwa kuwa jina na maana yake ni kitu kimoja, unachobadilisha ni umbo tu.

Tuone kwa mfano mdogo, kugeuza orodha ili wa mwisho awe wa kwanza. Maelezo ya kawaida ni haya: orodha tupu ikigeuzwa inabaki tupu, orodha yenye kichwa (kitu cha kwanza) na mkia (vyote vinavyofuata) hugeuzwa kwa kuugeuza mkia, kisha kichwa kinaungwa mwishoni. Ni sahihi, hata mtoto anaelewa. Tatizo ni kwamba kuunga kitu mwishoni kunakulazimu uipite orodha yote tangu mwanzo, na hapa unafanya hivyo kwa kila jina. Majina 30 yanakula hatua 496, namba ambayo watu wa Prolog waliizoea sana, maana zoezi hilihili lilitumika kupimia kasi ya mifumo yao. Majina 1,000 yanakula hatua 501,501.

Sasa tunaleta jina jipya, geuza-unga, lenye maana hii: geuza orodha ya kwanza, kisha unga orodha ya pili nyuma yake. Programu yake hatujaiandika, tumetaja maana tu. Tunakunjua neno "geuza" lililomo ndani. Orodha ya kwanza ikiwa tupu, jibu ni orodha ya pili vilevile ilivyo. Ikiwa ina kichwa na mkia, maneno yanarefuka: geuza mkia, unga kichwa mwishoni, kisha unga orodha ya pili nyuma ya vyote. Lakini kuunga kunafanana na kujumlisha. Vitu vitatu vikiungana kwa mfuatano uleule, hakuna tofauti ukianza na jozi ya mbele au ya nyuma. Tuanze na ya nyuma: kichwa kikae mbele ya orodha ya pili, kazi ya hatua moja. Kilichobaki ni hiki: geuza mkia, kisha unga orodha hii mpya nyuma yake.

Yasome tena maneno hayo. Ni maana ya geuza-unga yenyewe! Tunayakunja, na programu imezaliwa: kama orodha ya kwanza ni tupu, toa ya pili, vinginevyo hamishia kichwa mbele ya orodha ya pili na uendelee na mkia. Ndivyo mtu anavyogeuza rundo la sahani, anatoa ya juu na kuiweka kwenye rundo jipya. Ukianza na rundo la pili likiwa tupu, majina 30 yanataka hatua 31 na majina 1,000 yanataka 1,001. Kwangu mimi huu ni uzuri halisi: hakuna mahali ambapo tulibahatisha halafu tukajaribu kuona kama inafanya kazi.

Upo mtego mmoja. Ukikunja mapema, kabla hujakunjua chochote, utapata sentensi "geuza-unga ni geuza-unga." Ni kweli tupu, ila kompyuta ikiiendesha itazunguka bila kufika. Hisao Tamaki na Taisuke Sato wa Japani waliweka mwaka 1984 masharti ya kukunja salama kwa programu za mantiki, na kiini chake ni kwamba lazima uwe umepiga hatua ya kukunjua kabla ya kukunja kwa jina lilelile. Utafiti mwingi uliofuata, ukiwemo ule wa LOPSTR, mikutano ya watafiti wa uundaji na ubadilishaji wa programu za mantiki iliyoanza Manchester, Uingereza, mwaka 1991, umejengwa juu ya msingi huo.

Na geuza-unga ilitoka wapi? Hakuna kanuni iliyotulazimisha kuibuni. Burstall na Darlington waliuita mruko wa namna hii "eureka", na kuufanya ufanywe na mashine ndiyo sehemu ngumu. Mruko tofauti unazaa programu tofauti: mwaka 1980 Keith Clark na Darlington walionyesha kuwa algorithimu kadhaa za kupanga zinazojulikana zinaweza kutolewa kwenye ubainishi mmoja, kama matawi ya shina moja.

Kila kitu kinategemea ubainishi uwe sawa. Ukisema tu "majina yafuatane kwa alfabeti", programu inayotupa majina yote na kurudisha orodha tupu imetii. Ukiongeza "kila jina lililoingia litoke, na lisitoke ambalo halikuingia", bado darasa lenye akina Juma wawili linaweza kumpoteza mmoja. Lazima useme na idadi.

Njia ya kawaida ni kuandika kwanza na kuthibitisha baadaye, ikiwa kuna atakayethibitisha. Timsort, algorithimu ya kupanga iliyoandikwa na Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya programu ya Python na baadaye ikaingia kwenye lugha nyingine, Java, ilitumika miaka mingi. Hiyo huigawa orodha katika vipande vilivyokwisha kupangika, huvirundika, kisha huviunganisha. Mwaka 2015 watafiti waliotumia mfumo wa uthibitisho uitwao KeY walijaribu kuthibitisha toleo la Java, uthibitisho ukagoma. Sharti ambalo programu ilidhani inalilinda wakati wote lilikuwa linakaguliwa kwenye vipande vichache vya juu ya rundo tu, na data ya mpangilio maalumu iliweza kuiangusha. Marekebisho waliyopendekeza yalikuwa kukagua kipande kimoja zaidi.