Ningepewa Zelda Inayofuata, Ningerudi Baharini

Chini ya Bahari Kuu, katika ufalme uliozama, kuna mtu amesimama akiwa jiwe, upanga umezama utosini mwake. Hivyo ndivyo The Wind Waker, gemu ya Zelda ya mwaka 2002, inavyomwacha Ganondorf, adui mkuu wa mfululizo huo. Maji yanaporomoka pande zote, mfalme wa Hyrule anabaki chini na nchi yake kwa hiari yake, na shujaa Link na Tetra, nahodha wa maharamia, wanapanda juu kwenye mwanga. Mimi huandika hadithi za gemu zenye njia panda, na kila nikiulizwa mwendelezo mzuri utafutwe wapi, mawazo yangu humrudia yule mtu wa jiwe. Simtaki aamke. Namtaka abaki pale pale alipo.

Kwa ambaye hajaufuata mfululizo huu kwa karibu: The Legend of Zelda ilianza mwaka 1986, lakini wakati wake unapasuka katika Ocarina of Time ya 1998. Mwishoni mwa gemu hiyo binti mfalme Zelda anamrudisha Link utotoni, akaishi miaka aliyonyang'anywa. Kuanzia hapo kuna dunia mbili. Katika moja, mtoto amerudi na onyo kabla mambo hayajaharibika. Ya pili ni dunia aliyoiacha nyuma: adui amefungwa, ila shujaa ameondoka moja kwa moja. Halafu Desemba 2011 kikatoka Japani kitabu cha Hyrule Historia, kikaongeza tawi la tatu, lile ambalo Link anashindwa na Ganondorf. Humo ndimo ilimowekwa hata gemu ya kwanza kabisa ya 1986. Breath of the Wild (2017) na Tears of the Kingdom (2023) zimewekwa kando ya matawi yote matatu, kwa hiyo leo nitaziacha.

Wengi wanaobuni mwendelezo huanza na swali la kitu gani kiongezwe: adui mpya, silaha mpya, ramani kubwa zaidi. Kwenye hadithi yenye matawi swali hilo hupotosha, kwa sababu kitu kipya chaweza kubandikwa kwenye tawi lolote na kikakaa. Mimi huuliza tawi hili limepoteza nini ambacho matawi mengine bado yanacho. Kilichopotea ndicho kinachofanya tawi liwe lenyewe, na ukikirudisha kwa sababu wachezaji wamekizoea, umefuta miaka yote ya hadithi iliyotangulia.

Kwa kipimo hicho hakuna tawi linalolifikia lile la dunia iliyoachwa, ambalo ndilo la The Wind Waker. Bahari yenyewe ni alama ya kuachwa. Ganondorf alipojinasua kifungoni, watu walimngoja shujaa, hakutokea, na miungu ikaifunika nchi kwa maji. Hata Triforce ya Ujasiri, sehemu ya hazina takatifu inayotimiza ombi la anayeigusa ikiwa kamili, ilivunjika vipande 8 shujaa alipoondoka, na ndivyo unavyozunguka kuvikusanya kutoka sakafu ya bahari. Mwishoni mfalme anaigusa Triforce kamili, anaomba Hyrule ya kale ioshwe kabisa, nayo inakwenda zake. Upanga mkuu, ule wa utosini mwa Ganondorf, unabaki chini. Ukifika gemu ya Spirit Tracks ya 2009, takriban miaka 100 baadaye, uko kwenye nchi nyingine yenye treni, na kilichovuka bahari ni kidogo mno: jina la Hyrule, picha ya Tetra kwenye kioo cha rangi ndani ya kasri, na mzee Niko, aliyekuwa kijana kwenye meli ya maharamia. Anayependa urithi ataliona tawi hili fukara. Mimi naona ndilo pekee ambalo mwandishi hana kitu cha kuegemea, na hapo ndipo anapolazimika kuandika.

Lakini lina ahadi moja ambayo haijatimizwa. Katika The Wind Waker, Mti Mkuu wa Deku, mlinzi wa msitu, huwatuma Wakorok, viumbe wadogo wa msituni, wakapande mbegu visiwani, kwa matumaini kwamba misitu itavikuza visiwa mpaka siku moja viungane viwe nchi kavu. Wachezaji wengi hupita maneno hayo haraka, wana safari. Baadaye tu, ile miche 8 inaponyauka, ndipo unaionja ahadi hiyo mkononi: unachota maji ya msituni kwenye chupa, na una dakika 20 kabla hayajapoteza nguvu. Unapiga upepo ugeuke, unakata bahari kwa tanga, unamwaga maji kwenye mche, unakimbilia kisiwa kingine huku saa ikienda. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya The Wind Waker inayobeba maana kubwa kuliko vita ya mwisho. Mchezaji anaitunza dunia ambayo hatakuwepo kuiona.

Mwendelezo wangu ungeanza siku dunia hiyo inapofika. Meli inatoka nchi ya treni kurudi Bahari Kuu, na mabaharia hawaioni bahari. Visiwa vimeshikana. Windfall, uliokuwa mji wa wafanyabiashara wa majini, una bandari iliyojaa matope na mizizi, na boti zimelala ubavu. Hakuna mchawi aliyefanya haya. Ni wema wa mti mmoja, umefanya kazi yake vizuri, na umewanyima watu riziki.

Ningekaa zaidi na Warito. Mababu zao walikuwa Wazora, watu wa maji, kabla ya mafuriko kuwageuza kuwa watu wa mbawa. Na mbawa hawazaliwi nazo: kijana Rito hupanda kwa joka Valoo kupewa gamba lake, ndipo huota mbawa. Sasa jiulize, kijana anayeweza kutembea kwa miguu kutoka kisiwa hadi kisiwa atapanda mlima ule kwa ajili ya nini? Ningemweka binti mmoja chini ya Dragon Roost, mlima wa joka huyo, umri umeshafika, na hataki. Bibi yake anamwona anaitupa asili yao. Lakini asili ipi, ile ya mbawa au ile ya mapezi? Mazungumzo yao mawili matatu, yakiandikwa vizuri, yanaueleza mfululizo mzima kuliko ramani yoyote ya wakati.

Na Ganondorf? Mizizi inashuka. Inatafuta udongo, na udongo uko chini, katika Hyrule ileile mfalme aliyoomba isahaulike. Wakorok wanasikia kupitia mizizi kwamba kuna jiwe lenye chuma ndani yake. Mchezaji asimwone hata mara moja. Kila mti anaoupanda unaipeleka mizizi karibu zaidi na upanga ule, na kila mti anaoukata unafungua mkondo wa maji mahali ambapo mtu ameshajenga nyumba.

Ningemrudishia mchezaji chupa yake ya maji na dakika zake 20. Safari hii miti yote iko hai, na watu wa Windfall wamesimama gatini wakimtazama amwage wapi.