Ada ya asiye mkazi: kwa nini kambi moja ina bei mbili

Ukitaka kupiga kambi Farragut, hifadhi ya jimbo la Idaho kando ya Ziwa Pend Oreille, bei yako itategemea mahali unapoishi. Mwenye makazi Idaho hulipa bei ya mwenyeji. Anayetoka Spokane, mji wa jimbo jirani la Washington ulio mwendo wa kama saa moja kwa gari, anaweza kutozwa hadi maradufu kwa nafasi ileile, usiku uleule, akichota maji bomba lilelile. Nyongeza hiyo ndiyo ada ya asiye mkazi, na majimbo mengi ya Marekani yanayo kwa sura moja au nyingine.

Kwanza tutenganishe aina mbili za hifadhi, maana watu huzichanganya. Yellowstone na Grand Canyon ni hifadhi za taifa, nazo ziko chini ya serikali kuu ya Marekani. Hifadhi ya jimbo ni mali ya jimbo lenyewe: bunge la jimbo huitungia sheria, idara ya jimbo huiendesha, na bei za kambi hupangwa hukohuko. Kwa hiyo hakuna bei moja ya nchi nzima, na sheria ya Idaho haimhusu mtu anayelala kwenye hema Wisconsin.

Msomaji wa Afrika Mashariki tayari anaujua mpango wa bei kwa makundi. Kwenye lango la Serengeti raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na mtalii wa ng'ambo hulipa kwa dola. Masai Mara, tangu 2024, mtu mzima asiye mkazi wa Kenya hutozwa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Lakini huku kwetu kinachoanza kuangaliwa ni uraia, kisha kibali cha kuishi. Katika hifadhi ya jimbo Marekani, uraia hauingii katika hesabu. Kinachotazamwa ni makazi. Boise na Twin Falls, miji ya Idaho, zina familia nyingi za Wakongo waliofika kama wakimbizi. Baba wa familia hiyo, gari lake likiwa na namba za Idaho, analipa bei ya mwenyeji. Mmarekani aliyezaliwa na anayeishi Seattle, mji wa jimbo la Washington, ambaye babu zake wote ni Wamarekani, analipa bei ya juu. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wahamiaji wanaoamini kwamba bei ya mwenyeji si yao mpaka wapate uraia, wakaacha haki yao mezani.

Sasa sababu. Hoja inayotolewa na majimbo ni kodi. Ardhi ya hifadhi, barabara ya kuingilia, vyoo, mishahara ya askari wa hifadhi: sehemu ya gharama hizo imelipwa na wakazi kupitia kodi na ada za usajili wa magari, hata na wale ambao hawajawahi kulala nje usiku mmoja. Ni kama kisima kilichochimbwa kwa michango ya kijiji: mpita njia hanyimwi maji, ila aliyechanga hatarajii kulipia ndoo sawa na yeye. Montana imelifanya hilo lionekane wazi kabisa. Mkazi anaposajili gari huchangia kiasi kidogo kwa ajili ya hifadhi, asipokataa, na baada ya hapo huingia bila kulipa langoni. Mgeni wa jimbo jingine hulipa kila siku anayoingia. Michigan ina utaratibu unaofanana na huo tangu 2010, mchango ukilipwa pamoja na ada ya namba za gari.

Sababu ya pili ni nafasi, nayo ndiyo iliyoisukuma Idaho. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikimbilia nje kwa wingi usio na mfano, na hifadhi za jimbo hilo zilipata ziara zaidi ya milioni 7. Wakazi wakalalamika kwamba wakitaka wikiendi moja ya Julai kando ya ziwa lao, nafasi zimekwisha miezi kadhaa nyuma. Mwaka 2021 bunge la Idaho likapitisha sheria iliyoruhusu bei ya wasio wakazi kuongezwa hadi maradufu katika hifadhi tano zenye msongamano mkubwa: Farragut, Priest Lake, Round Lake, Ponderosa na Henrys Lake. Hata kiingilio cha gari kwa siku katika hifadhi hizo kikapanda kwa wasio wakazi, kutoka dola 7 hadi dola 14.

Kwa nini maradufu, isiwe mara tano? Hapa ndipo dhana hii inapopata uzito wake, na ndipo maelezo mengi hupapita haraka. Bunge la Marekani liliunda Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji ulioanza kazi 1965, ambao sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na mafuta na gesi vinavyochimbwa baharini katika maeneo ya serikali kuu. Mfuko huo huyasaidia majimbo kununua ardhi na kujenga hifadhi, kwa kawaida ukilipa hadi nusu ya gharama ya mradi. Jimbo likipokea, linakubali na masharti. Moja ni hili: katika eneo lililosaidiwa na mfuko, ada ya asiye mkazi haiwezi kuzidi mara mbili ya ile ya mkazi. Jingine ni kwamba mfumo wa kuhifadhi nafasi uliofunguliwa kwa wakazi lazima uwe wazi kwa wengine pia, kwa muda uleule.

Mantiki yake ni ya haki. Mafuta ya baharini ni mali ya Wamarekani wote, si ya Idaho peke yake. Mtu wa Spokane hakuchangia kodi ya Idaho, lakini fedha zilizosaidia kuijenga kambi zilikuwa zake pia. Kwa hiyo anaweza kutozwa zaidi, lakini hawezi kufungiwa mlango kwa bei. Kwa maoni yangu dari hii ya mara mbili ndiyo inayoutenga mpango mzima na ubaguzi wa kawaida, na ingefaa ijulikane kuliko ilivyo.

Mahakama nazo zimelitazama suala hili, ingawa kwa mlango wa uwindaji na uvuvi. Katiba ya Marekani, katika Ibara ya 4, inalitaka kila jimbo liwape raia wa majimbo mengine haki na kinga linazowapa raia wake. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya wavuvi wa kamba. South Carolina ilikuwa ikitoza boti ya mkazi dola 25 za leseni na boti ya asiye mkazi dola 2,500. Mahakama ikaifuta ada hiyo: uvuvi ule ulikuwa riziki ya watu, na jimbo halikuwa na sababu ya kutosha ya kuwafukuza wavuvi wa Georgia kwa bei.

Miaka 30 baadaye, 1978, kesi iliyotoka Montana ikaenda kinyume. Mkazi wa Montana aliweza kupata leseni ya kuwinda elki, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, kwa dola 9. Asiye mkazi alilazimika kununua leseni ya pamoja ya wanyama kadhaa kwa dola 225. Waliofungua kesi ni mwongoza wawindaji wa Montana mwenyewe na wawindaji kutoka Minnesota. Majaji sita dhidi ya watatu waliliunga mkono jimbo. Walisema uwindaji wa burudani si miongoni mwa haki za msingi zinazolindwa na kifungu kile. Mtu anaweza kuishi na kufanya kazi bila kuwinda elki Montana. (Dari ya mara mbili haikuwasaidia wawindaji hao, kwa kuwa masharti ya mfuko yanaziacha kando leseni za uwindaji na uvuvi.)

Kambi haikutajwa katika kesi ile, ila hoja hiyohiyo inaigusa: kulala kwenye hema kwa starehe kunahesabiwa burudani. Ni hoja nzuri kwa familia inayotafuta wikiendi ziwani. Kwa watu wengine inapwaya, nami sioni kama imejibiwa ipasavyo. Wako Wamarekani, wengi wao wastaafu, wanaoishi mwaka mzima ndani ya magari yenye vitanda na jiko, wakihama kambi hadi kambi. Wengi wamejiandikisha South Dakota, Texas au Florida, kwa sababu majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato ya mtu na taratibu zake huwafaa wanaosafiri. Watu hawa ni wasio wakazi karibu kila wanapoegesha. Na wapo wanaolala kambini kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda, au kwa sababu kazi ya msimu imewaleta jimbo ambalo si lao. Kwao kambi ni makazi, na nyongeza ya bei inawauma mahali ambapo sheria haikuwa ikiwatazama.

Si kila tofauti ya bei inatokana na kodi. Maine ina Hifadhi ya Baxter, penye Mlima Katahdin. Percival Baxter, aliyekuwa gavana kuanzia 1921 hadi 1925, alinunua ardhi ile kidogokidogo kwa fedha zake mwenyewe na kuwapa watu wa Maine kuanzia 1931. Mpaka leo gari la Maine huingia bure na la jimbo jingine hulipa, kwa kuheshimu wosia wa mtoaji. Hawaii nayo ina shida ya visiwa vidogo vinavyopokea wageni wengi: kupiga kambi kwenye pwani ya Nāpali, mkazi hulipa dola 25 kwa mtu kwa usiku na asiye mkazi dola 35.

Kwa anayepanga safari, jambo la kuzingatia ni uthibitisho. Kwa kawaida leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo vinatosha, na mahali pengine namba za gari ndizo huangaliwa. Aliyehamia karibuni na bado anaendesha kwa namba za jimbo alilotoka anaweza kutozwa bei ya juu, hata kama ameshapanga nyumba na watoto wanasoma hapo. Vilevile asichanganye mpango huu na ule wa hifadhi za taifa: kuanzia Januari 2026, wasio wakazi wa Marekani wanatozwa dola 100 za ziada kwa mtu katika hifadhi 11 za taifa, zikiwamo Yellowstone, Yosemite na Grand Canyon. Huko jimbo unaloishi halina maana yoyote. Mkazi wa Idaho na wa Washington hulipa sawa.